Nilizika Mapacha Wasiokuwepo Ili Nguzo ya Intaneti Isisimame

Mama Apolonia mpendwa, naomba msaada, ila unisome mpaka mwisho ndipo uanze kunisema, maana nakujua, nakusoma kila Jumatatu gazeti likifika, una mdomo. Mimi ni bibi wa hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, miaka yangu sabini na mbili, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la nne la zamani, siyo hawa wa siku hizi wanaomaliza la saba na bado wanauliza jina la baba yao linaandikwaje. Ukikuta kosa lirekebishe kimya kimya. Jina langu liko nyuma ya bahasha, lisionekane gazetini.

Kwanza ujue nimepona. Sikuwa naumwa, nasema nimepona roho, leo Jumamosi nimesonga ugali nikala nikashiba, na mchana nimelala mpaka mate yakanitoka, kwa sababu Luka yuko hai, na Dorah mkewe yuko hai, na mimba yake imetulia. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonikaba, nalo nimelileta mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu, sina wa kumsingizia.

Mwanangu Makoye ananunua dhahabu huko Geita, na mwaka juzi alinivutia intaneti ya nyumbani, ile ya waya, waya mweusi ukatoka barabara kubwa ukapita juu ya uzio wangu wa minyaa ukaingia sebuleni kwenye kisanduku chenye taa tatu za kijani. Alisema ni ili tuonane uso kwa uso kwenye simu. Kuonana tunaonana, mara moja kwa wiki, ananionyesha paji la uso. Lakini kile kisanduku, mama, kiliniletea watu. Mtaa mzima hawakuwa nacho, bando lao linaisha hata salamu hazijaisha, basi akaja mmoja, akaja wa pili, nikamwita fundi akanitengenezea benchi mbili nikaziweka nje ukutani, upande ule inakoshika vizuri, na paswedi nikakataa kumwandikia mtu, anayeitaka aje aseme shikamoo nimwingizie kwa kidole changu. Nje ya uzio wangu haifiki, kwa hiyo hata ukishaingiziwa lazima uje ukae.

Wakaja. Walikuja na michembe ya viazi, walikuja na karanga, mama mmoja mwenye ng'ombe alikuwa ananiletea maziwa kila Jumapili, na habari zote zilipita hapo, nani kaposwa, nani kaachishwa kazi, nani kapata shamba la mpunga, mimi nilizijua kabla ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee wangu alifariki miaka tisa iliyopita na tangu siku ile nyumba ilikuwa kimya hata kuku wakiparua unasikia. Nikapata benchi mbili za watu. Nilikuwa naamka asubuhi nafagia chini ya zile benchi kama mtu anayefungua duka. Unanielewa, mama? Kama hunielewi usiendelee kusoma.

Sasa mwezi wa tatu ikaja habari ya waifai ya mji. Kampuni ilikubaliana na wakubwa wa mji kwamba watasimamisha nguzo mtaa hadi mtaa, juu ya kila nguzo antena, na mtu akiwa sokoni, akiwa kitandani kwake, akiwa chooni, inamfikia humo humo, hakuna waya wala kisanduku wala kulipa kwa mwezi, unalipa kidogo kidogo kwa siku unayotaka. Mwenyekiti wetu Maganga akaitisha mkutano, msimamizi wa ile kazi akaeleza, kijana mpole wa Kigoma anaitwa Masudi, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nawatazama wanaopiga, na wote walikuwa wa benchi yangu.

Wakaja kuchimba. Na wapi? Pembeni ya uzio wangu, pale kwenye kona, hatua sita kutoka kwenye benchi. Masudi na vibarua wawili, mtaimbo na sururu. Niliwatazama nikiwa ndani ya minyaa, na Mungu ananiona, sikuwa nimepanga kitu, maneno yalikuja yenyewe kama chafya. Nikatoka nikawaambia, "Hapo msichimbe. Hapo wamelala Kulwa na Doto wa mama mkwe wangu."

Mama Apolonia, mama mkwe wangu alizaa watoto watano, mmoja mmoja, na kiwanja hiki tulikinunua yeye akiwa ameshakufa na kuzikwa kijijini. Hakuna Kulwa wala Doto. Lakini nani wa kunibishia, katika mtaa huu mkubwa kwangu hayupo. Na wewe unajua huku kwetu mabasa, yaani mapacha, si watoto wa kuchezewa, pacha akizikwa mahali hapo mahali pana mwenyewe. Wale vibarua wote wawili Wasukuma, mtaimbo ukawekwa chini taratibu kama yai. Masudi akavua kofia akaniomba radhi. Akaniuliza kwa adabu kama wanaweza kusogea hatua mbili tatu hivi, nikamwambia mapacha hawalali mahali padogo. Akanieleza kwamba kona ile ndiyo pekee iliyoinuka inayotazamana na nguzo ya shuleni, upande wa pili paa la mashine ya mpunga linaziba, wasipoisimamisha pale mtaa wetu wote utarukwa. Nikamwambia basi na urukwe. Na kabla hajaondoka akasema jambo ambalo sasa linanirudia kila nikifumba macho: "Bibi, hii ina sola yake juu. Umeme ukikatika kisanduku chako kitazima, hii haitazima." Nikamjibu kwamba kisanduku changu hakijamwomba ushauri.

Wakaenda. Mitaa mingine ikapata, wetu ukarukwa. Na hakuna aliyenilaumu, ndiyo sumu yenyewe, waliniheshimu zaidi. Maganga akatangaza mbuzi wasifungwe pale. Mimi nikaokota mawe matatu nikayapaka chokaa iliyobaki siku nilipopaka ukuta, nikayapanga pale kwenye kona ili uongo wangu upate mahali pa kukaa. Miezi miwili benchi zikajaa.

Ndipo ikaja Jumanne.

Dorah ni jirani yangu, mlango kwa mlango, binti wa watu, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mumewe Luka anachimba dhahabu Nyarugusu, huko huko Geita. Umeme ulikatika tangu alfajiri, siyo kwetu tu, mji mzima, na mitandao ya simu nayo ikawa inachechemea, unapiga inakata, unanunua bando haliingii. Saa nne asubuhi dereva wa lori akapita akasema duara limetitia Nyarugusu, shimo limeporomoka na watu ndani, na lililotajwa ni lile la akina Luka. Dorah akapiga simu ya mumewe, haipatikani. Akapiga tena na tena. Watu wakakimbilia wapi? Kwangu, maana ya shuleni wote walidhani imezima pamoja na mji. Wakasimama mbele ya benchi zangu wakanyoosha simu ukutani, na kisanduku kiko ndani kimekufa, taa zote tatu nyeusi. Nilikipiga kofi, mama. Mimi mtu mzima nilikipiga kofi kisanduku.

Kufikia saa sita mikeka ilikuwa imetandikwa kwa Dorah. Mmoja kaleta kuni, mwingine kaleta unga. Mimi ndiye mkubwa, nikakaa naye, nikamvua hereni kwa mkono wangu kama tunavyomfanyia mwenye msiba, nikazifunga kwenye pindo la kanga yangu. Hakulia. Alikuwa anatazama mlango tu, na tumbo lile. Saa tisa ikapita akasema hawezi kukaa, anakwenda Nyarugusu akamwone mwenyewe hata kama ni maiti. Wakamkataza, hakusikia, na peke yake asingeweza kwenda, nikapanda naye bajaji twende stendi.

Tulipofika karibu na shule ya msingi, mtaa wa pili tu, simu yake ndani ya mkoba ikaanza kulia. Tii, tii, tii, haikomi. Ile simu ilikuwa inaijua waifai ya pale, Dorah huwa ananunulia mkaa hapo, na siku alizolipia zilikuwa hazijaisha. Dereva akasimama bila kuambiwa. Ujumbe wa sauti kumi na moja. Wa kwanza ulitumwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mama, kabla hata yule wa lori hajatufikia. Sauti ya Luka, imejaa kikohozi cha vumbi: "Dorah, ni mimi. Nimetoka. Simu yangu imebaki chini, hii ni ya mpishi wa mgahawani, wana intaneti yao. Wote wanne tumetoka, mmoja tu ndiye kavunjika mguu. Ukiambiwa vingine usiamini." Na ule wa kumi na moja, wa mwisho, unasema, "Mbona hujibu? Umekasirika?"

Dorah akashuka kwenye bajaji akakaa chini kwenye vumbi, ameegemea nguzo, akawa anausikiliza na kuurudia ule wa mwisho, huku anacheka na machozi yanamtoka mpaka kwenye kidevu. Mimi nikatazama juu. Ile ile nguzo. Sola imelala juu yake kama sinia. Mji mzima hauna umeme na yenyewe inafanya kazi.

Saa nne mpaka saa kumi. Nimemfanya yule binti mjane kwa masaa sita kwa sababu ya benchi mbili.

Jumatano nikampeleka hospitali Kolandoto, wakampima, presha imeshuka, mtoto anacheza. Nikasema asante Mungu, yamepita, nitanyamaza. Halafu jana Ijumaa asubuhi natoka kufagia nakuta Dorah amepiga magoti kwenye yale mawe yangu ya chokaa, ana kibakuli cha unga wa mtama, anaunyunyiza. Akanitazama kwa ile sura yake akasema, "Shikamoo bibi. Nimekuja kuwashukuru wenzetu hawa. Naona ndio waliomrudisha Luka." Nikaitikia marahaba. Nikamshika mkono nikamwinua, maana kwa tumbo lile hawezi kusimama peke yake, na hereni zake zilikuwa bado kwenye pindo la kanga yangu, ninashindwa kumrudishia, kila nikizigusa naona haya.

Sasa swali. Luka anakuja Jumamosi ijayo. Mimi nimefikiri hivi: namjua mganga mmoja mzee wa huko vijijini, nimwite afanye mambo yake pale kwenye kona, aseme mapacha wamekubali kuhamishwa, tuwahamishe, Masudi arudi asimamishe nguzo, mtaa upate intaneti, hakuna wa kuaibika. Mimi naona imekaa vizuri, wewe niambie ndiyo tu. Au ninyamaze nife nayo? Maana nikisema ukweli watanicheka mpaka watoto, mimi ambaye nimewakaripia wote. Na nguzo ikishasimama, mama, hebu niambie wewe unayejua mambo ya watu, nani atakuja tena kukaa kwangu?

Ni mimi, bibi wa benchi mbili, Ngokolo.

MAMA APOLONIA ANAJIBU

Bibi, shikamoo. Umesema nina mdomo, basi ukae kwenye benchi yako moja, nyingine ibaki wazi, nikuseme.

Umenitajia mtaa, minyaa, mashine ya mpunga, mawe ya chokaa na mapacha, halafu unaniomba nifiche jina. Wa Ngokolo atakutambua kabla hajageuza ukurasa. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwanza kwenye bahasha, leo Jumatano, dereva wa gazeti atakupa mkononi. Gazeti linatoka Jumatatu. Usipotaka barua yako ichapishwe nipigie kabla ya Jumapili saa sita mchana, namba iko chini, nitaiondoa na sitakuuliza sababu.

Nianze na la kukupunguzia mzigo. Duara hukulititisha wewe. Umeme hukuukata wewe. Luka angekuwa amekufa, nguzo isingemfufua. Usijibebeshe yasiyo yako, maana mtu akijibebesha mengi anapata sababu ya kukaa chini na kujililia, na wewe huna nafasi ya kujililia, una kazi ya kufanya.

La kwako ni yale masaa sita. Mimi ni mjane, bibi. Mjane wa kweli, mwaka wa kumi na moja huu. Ule mkeka naujua, najua mlango unavyotazamwa. Mimi niliyekuwa namsubiri hakutuma ujumbe hata mmoja. Dorah alikuwa na ujumbe kumi na moja unaomsubiri hatua chache kutoka nyumbani kwake, na wewe ndiye uliyezuia nguzo ya kuufikisha. Nimekaa na barua yako siku nzima nikiwa nimekukasirikia, nakuambia wazi.

Na kuna la pili ambalo hukuliandika, sijui kama hata umeliona. Katika mji huu wapo wanawake waliozika Kulwa na Doto kweli. Wakipita kwenye kona yako wanayaona yale mawe, wanainamisha kichwa, wanakumbuka wao. Umechukua uchungu wa wenzio ukaufanya mlinzi wa benchi. Hilo halihitaji mganga wa kulihamisha. Huyo mganga muache huko huko kwake. Uongo ulionao una umri wa miezi miwili na umeshamkalisha binti wa watu kwenye mkeka wa msiba, wewe unataka kuuzalia pacha wake.

Unaogopa kuchekwa. Watakucheka, ndiyo. Watakucheka wiki mbili, mwezi, na kuna mmoja atakuwa anakucheka mpaka siku unaingia kaburini, kila mtaa una mtu wa hivyo. Utaishi. Umezika mume, umesoma darasa la nne ukaandika barua ndefu kuliko za walimu wanaoniandikia, hutakufa kwa kuchekwa.

Sasa sikiliza utakachofanya, na usibadilishe mpangilio wake.

Anza na hereni. Kesho Alhamisi, asubuhi, uende kwa Dorah akiwa peke yake, siyo yeye aje kwako. Umvalishe mwenyewe kwa mkono ule ule uliomvua. Ukimaliza kumvalisha, kabla hujakaa, umwambie kona ile haina mtu, haijawahi kuwa na mtu, na kwa nini ulisema. Useme na hilo la benchi, usilifiche, maana ndilo la kweli kuliko yote. Akilia mwache alie, akikufukuza toka. Usimwambie akusamehe kwa ajili ya mimba, wala usimtajie kwamba ulimpeleka Kolandoto. Na ule unga usimwambie umepotea. Alishukuru kwa moyo wake, wa kushukuriwa alisikia, kosa la mahali ni lako.

Kisha uende kwa mwenyekiti Maganga siku hiyo hiyo. Mwambie aitishe mtaa Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla Luka hajashuka stendi, ili yule mwanaume akifika akute mambo yameshasemwa, asije akayasikia kwa mtu wa kahawa. Mbele ya watu useme mwenyewe, kwa maneno machache. Nakujua kupitia kalamu yako, utataka kuanza na mama mkwe na kiwanja na mwaka mlionunua. Usianze huko. Sema, "Nilidanganya, hapa hapajazikwa mtu, niliogopa kuachwa peke yangu," halafu nyamaza wakuseme wao. Maganga atakutoza mbuzi, na asipokutoza utajitoza, apikwe pale pale, mtaa mzima ule nyama. Usilete mbuzi aliyekonda.

Mawe uyatoe mwenyewe, yaoshwe chokaa yarudi yalikotoka. Masudi apigiwe simu mbele ya wote. Siku akija na mtaimbo, pigo la kwanza la lile shimo ulipige wewe, hata kama utakwaruza udongo tu.

Makoye mpigie simu mwambie aache kulipia ule waya. Kisanduku kinachozima siku mtu anapokihitaji hakina haja ya kulishwa kila mwezi, na wewe hitaji lako la kuonana na paji la uso wake litatoshelezwa na ile ya mji. Tena mwambie waya ukitoka, udhuru wake wa kutokuja nao umetoka, aje Ngokolo akuonyeshe uso mzima.

Limebaki swali lako la mwisho, nani atakuja kukaa kwako. Bibi, siku kisanduku kilipokufa, mtaa mzima ulikimbilia wapi? Hukuona? Umeandika mwenyewe. Intaneti haikuwepo na walikuja. Na Dorah alipotaka kwenda kuona maiti ya mumewe, aliyepanda naye bajaji hakuwa na waya mgongoni. Wapo waliokuwa wanakuja kwa ajili ya kisanduku tu, hao hawatarudi, na michembe yao waende nayo. Wengine watakuja, lakini wawekee mahali. Intaneti hushika vizuri zaidi karibu na nguzo, na watu watakuja kusimama pale kwenye kona yako wakiwa wameshika simu, jua linawachoma, miguu inawauma. Zitoe benchi zako zote mbili ukutani, uzipeleke chini ya nguzo. Ni hatua sita, umezipima mwenyewe. Paswedi usimdai mtu, shikamoo watakupa bila kudaiwa.

Mama Apolonia.

Wasomaji wangu, naongeza mistari hii michache. Jana Jumapili, saa tano na nusu, simu yangu ililia, namba ngeni, nikajua ni bibi wa Ngokolo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi, na sauti ya mwanaume anayekohoa na kucheka. Nikamwuliza, bibi, niiondoe barua?

"Uiondoe ya nini," akasema. "Andika tu kwamba mbuzi alikuwa mnono."